Mfalme Aliyegeuka Hundi: Historia ya Neno "Check"

Neno la Kiingereza "check" asili yake ni Uajemi, na maana yake ya kwanza ilikuwa "mfalme". Habari hiyo huonekana ngeni kwa anayelijua neno lenyewe kutokana na matumizi ya leo, kwa kuwa mzungumzaji wa Kiingereza hulitumia akitaka kusema kusimamisha, kuzuia au kukagua, hulitumia pia kwa mistari inayokatizana na kuunda miraba kwenye kitambaa cha shati, na akiwa Mmarekani huongeza hundi ya benki, bili ya chakula mkahawani na ile alama ya vyema ambayo mwalimu huitia kando ya jibu sahihi. Maana hizo hazikuzuka ovyo. Nyingi zilichipuka moja kutoka kwa nyingine, mikononi mwa watu ambao kazi yao inajulikana, na mara nyingi kazi hiyo ilikuwa ileile, yaani kumbana mtu aliyeshika mali au madaraka ili asifanye apendavyo.

Katika maandishi ya Bisitun, yaliyochongwa kwenye jabali magharibi mwa Iran kwa amri ya Mfalme Dario wa Kwanza karibu mwaka 520 kabla ya Kristo, mtawala huyo anajitaja kwa cheo cha Kiajemi cha kale ambacho wataalamu hukiandika "xšāyaθiya", kutoka shina lenye maana ya kutawala. Karne zilivyopita neno hilo refu lilipukutika silabi zake hadi ikabaki moja tu, "shah", na kwa umbo hilo likawa cheo cha watawala wengi wa Iran, wa mwisho wao akiwa Mohammad Reza Pahlavi aliyeihama nchi yake mwaka 1979. Lau neno lingebaki katika majumba ya wafalme, pengine Waingereza wangelijua kama wanavyolijua jina la cheo chochote cha ugenini, basi. Kilicholitoa huko na kulisambaza duniani ni mchezo.

Mchezo wa sataranji, kwa kadiri historia inavyoonyesha, ulianza India karibu na karne ya 6 kwa jina la "chaturanga", neno la Kisanskriti lenye maana ya viungo vinne, ambavyo ni vikosi vinne vya jeshi la wakati huo: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi waliupokea wakauita "chatrang", na Waarabu walipoitwaa Uajemi katika karne ya 7 waliuchukua pamoja na nchi. Kwa kuwa Kiarabu fasihi hakina sauti ya "ch", wakautamka "shatranj", na ndiyo maana Waswahili, ambao "ch" haiwapi shida hata kidogo, wanao mchezo uitwao sataranji. Waarabu walikuwa na neno lao la mfalme, "malik", lakini kete kuu waliiachia jina lake la Kiajemi, kwa kuwa jina hilo lilikuwa limekwisha kuwa sehemu ya kanuni za uchezaji: mchezaji aliyeisogeza kete yake mahali pa kumtishia mfalme wa mwenzake alipaswa kutamka "shah!", kumwonya kwamba mfalme wake yu hatarini. Hapo ndipo mbegu ya maana zote zilizofuata ilipopandwa, kwani jina la mfalme lilianza kusikika kama ukelele wa hatari inayomkabili mfalme.

Tamko la mwisho la mchezo, "shah mat", ambalo Waingereza hulitamka "checkmate", limezua mjadala wake. Maelezo yaliyoenea zaidi husema kwamba "mat" ni kitenzi cha Kiarabu "mata", yaani amekufa. Wengine hulitazama kama neno la Kiajemi lenye maana ya mtu aliyeduwaa, asiye na la kufanya. Maelezo haya ya pili yanauelekea mchezo vizuri zaidi, maana katika sataranji mfalme hauawi kamwe: mchezo huisha angali amesimama kwenye mraba wake, amezingirwa, kila njia imefungwa.

Sataranji iliingia Ulaya kupitia nchi zilizokuwa chini ya Waislamu au jirani nao, hasa Hispania na kusini mwa Italia. Wahispania na Wareno, walioishi na Waarabu kwa karne nyingi, walikopa jina la mchezo wenyewe, ndipo wakawa na "ajedrez" na "xadrez". Kwingineko watu walishika lile neno lililokuwa likitamkwa wakati wa kucheza. Monasteri ya Einsiedeln huko Uswisi inahifadhi shairi la Kilatini la mwishoni mwa karne ya 10, mojawapo ya maandishi ya kale zaidi ya Ulaya yanayoutaja mchezo huu, na kwa Kilatini cha zama hizo kete ziliitwa "scacci", umoja "scaccus", kwa sababu waandishi wa Kilatini hawakuwa na herufi ya "sh" na ile pumzi ya mwisho ya "shah" waliisikia kama "k". Ubao ukaitwa "scaccarium". Wafaransa walizitia sauti hizo katika vinywa vyao wakapata "eschec" kwa umoja na "esches" kwa wingi, na baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikiwa lugha ya mabwana, maneno hayo yalihamia Uingereza yakiwa yamepoteza kichwa: umoja ukawa "check", wingi ukawa "chess". Kwa hiyo Mwingereza anayesema anacheza "chess" anasema, kwa mujibu wa historia ya neno, kwamba anacheza "wafalme".

Lakini ubao, ile "scaccarium", ndio uliolitoa neno kwenye burudani na kuliingiza serikalini. Katika utawala wa Mfalme Henry wa Kwanza, mwanzoni mwa karne ya 12, ofisi ya hesabu ya mfalme wa Uingereza ilianza kujulikana kwa jina hilo la ubao wa sataranji, ambalo kwa Kifaransa cha wakati huo lilikuwa "eschequier" na baadaye kwa Kiingereza "exchequer". Namna ofisi ilivyofanya kazi inajulikana kwa undani usio wa kawaida, kwa sababu mweka hazina mmojawapo, Richard FitzNigel, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliandika miaka ya 1170, zama za Henry wa Pili, kitabu kizima juu ya kazi yake, "Dialogus de Scaccario", kilichopangwa kama mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi mdadisi.

FitzNigel anaeleza meza yenye urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, yenye ukingo ulioinuka kiasi cha vidole vinne ili kilichowekwa juu kisidondoke. Juu ya meza kilitandikwa kitambaa cheusi, kilichonunuliwa kila mwaka wakati wa Pasaka, chenye mistari iliyoachana kwa futi moja au shubiri, na mistari hiyo ndiyo iliyoifanya meza ifanane na ubao wa sataranji. Kila safu ilikuwa na thamani yake: ya kwanza upande wa kulia ilikuwa ya peni, ya pili ya shilingi, ya tatu ya pauni, kisha ya pauni ishirini ishirini, ya mamia na ya maelfu. Karani wa hesabu alipanga vihesabio katika safu hizo kuonyesha deni la mtu, chini yake akapanga vingine kuonyesha alicholipa, halafu akaviondoa vya juu kwa kadiri ya vile vya chini mpaka kikabaki kilichokuwa kikidaiwa. Ikumbukwe kwamba makarani waliandika kwa tarakimu za Kirumi, ambazo zinafaa kuchongwa juu ya kaburi kuliko kutolea jumla. Tarakimu za Kihindi, zilizokuja Ulaya kwa njia ileile ya Waarabu iliyoleta sataranji, zilikuwa bado hazijazoeleka Uingereza. Kwenye kitambaa, safu iliyoachwa tupu ilifanya kazi ya sifuri bila mtu yeyote kuhitaji kujua kwamba kuna kitu kiitwacho sifuri.

Aliyeketi upande wa pili wa meza alikuwa "sheriff", yaani ofisa aliyesimamia jimbo kwa niaba ya mfalme na kumkusanyia mapato. Alifika mara mbili kwa mwaka: wakati wa Pasaka kulipa sehemu ya deni, na kwenye sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, kukamilisha hesabu yote mbele ya wakubwa wa ufalme. Fedha yake ingeweza hata kuyeyushwa, peni 240 za pauni moja zikitiwa motoni ili ijulikane kama zina madini halisi kiasi kinachotakiwa. Mwanafunzi katika kitabu anapouliza sababu ya jina, mwalimu anamjibu kwamba mfanano wa umbo ni sababu moja, na sababu iliyojificha zaidi ni kwamba mezani hapo panapigwa vita kama katika sataranji, mweka hazina upande mmoja na "sheriff" upande mwingine, na wengine wameketi kama waamuzi. Msomaji wa leo anaweza kuona kwamba FitzNigel alifurahia mfano wake kupita kiasi, lakini aligusa jambo la kweli, kwa sababu hesabu iliyopangwa wazi juu ya kitambaa iliweza kufuatwa na kila aliyehudhuria, pamoja na "sheriff" asiyejua Kilatini, na hakuna aliyeweza kusema amedhulumiwa gizani.

Risiti ya malipo haikuwa karatasi bali kijiti, kwa kawaida cha mti wa heizeli, kilichokatwa chale kulingana na kiasi: chale ya elfu moja ilikuwa na upana wa kiganja, ya mia moja upana wa dole gumba, ya ishirini upana wa kidole cha mwisho, na ya pauni moja unene wa punje ya shayiri iliyokomaa. Kijiti kilipasuliwa kwa urefu ili chale zibaki kwenye vipande vyote viwili. Mlipaji alichukua kimoja, hazina ikabaki na kingine, na siku ya hesabu viliunganishwa, kwa hiyo aliyejaribu kuongeza chale kwenye chake aliumbuka papo hapo. Utaratibu huu ulidumu hata baada ya manufaa yake kwisha. Bunge lilipitisha sheria ya kuufuta mwaka 1782, lakini vijiti viliendelea kutumika hadi 1826, wakati wenye vyeo vilivyohusika walipokwisha kuondoka. Tarehe 16 Oktoba 1834 mabaki ya vijiti hivyo, shehena ya mikokoteni miwili, yalichomwa katika majiko yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Mabwana huko Westminster. Moto ukazidi kipimo, na usiku huo sehemu kubwa ya jengo la Bunge la Uingereza ikateketea. Mwaka huohuo ndio ofisi ya kale ya hesabu ilipovunjwa, ingawa jina lake halikufutika, maana waziri wa fedha wa Uingereza hadi leo huitwa Chancellor of the Exchequer, na nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu, Chequers, inayotumika kwa kazi hiyo tangu 1921, huaminika kuwa ilipata jina kwa ofisa mmoja wa meza ile.

Mtu mmoja aliyelijua neno pande zote mbili, mchezoni na ofisini, ni mshairi Geoffrey Chaucer. Katika utenzi wake wa kumwombolezea Blanche wa Lancaster, aliyefariki mwaka 1368, bwana mwenye majonzi anasimulia jinsi alivyocheza sataranji na Bahati, naye Bahati akamnyang'anya kete yake azizi na kumtamkia neno la tishio, "check". Mwaka 1374 Chaucer mwenyewe aliteuliwa kuwa mdhibiti wa ushuru wa sufu katika bandari ya London, kwa sharti la kuandika kwa mkono wake daftari la pili, la kulinganishwa na lile la wakusanya ushuru, na hesabu hizo zilikaguliwa Westminster. Daftari hilo la ulinganisho, kwa Kifaransa "contre-rolle", ndilo lililozaa neno "control".

Wakati huo "check" ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya ubao. Kwa kuwa mchezaji aliyeambiwa "check" hana ruhusa ya kuendelea na mipango yake mpaka amwokoe mfalme, neno likaanza kutaja pigo lolote linalomsimamisha mtu ghafla, na kutoka hapo karipio na kizuizi. Wawindaji waliotumia ndege walilichukua kwa namna yao: kozi aliyerushwa kumfuata mnyama aliyekusudiwa, akakatiza na kumfuata ndege mwingine aliyepita, alisemwa kuwa "amecheck". Shakespeare analitumia neno kwa maana hiyo ya uwindaji na pia kwa maana ya karipio. Matumizi hayo ya wawindaji leo hupatikana zaidi ndani ya vitabu.

Maana ya kukagua, ambayo leo ndiyo iliyoenea kuliko zote, ilichelewa kuja, na haikujitokeza dhahiri mpaka mwishoni mwa karne ya 17. Hatua ya kutoka kuzuia hadi kukagua ni fupi kuliko inavyodhaniwa: anayelinganisha daftari moja na jingine anazuia udanganyifu, na kile anacholinganishia kikaitwa "check", kizuizi. Hivyo mwanzoni mwa karne ya 18 neno lilitumika kwa kile kipande cha hati kinachobaki kwa mtoaji, kikifanya kazi ileile ya nusu ya kijiti cha heizeli. Kutoka kipande likahamia kwenye fomu nzima yenye kipande hicho, na kutoka fomu likahamia kwenye amri ya malipo iliyoandikwa juu yake. Amri zenyewe zilikuwepo kabla ya jina. Masonara wa London, ambao watu waliwawekea dhahabu yao, walikuwa wakilipa kwa maandishi ya wateja tangu katikati ya karne ya 17, na hati moja ya pauni 400, ya tarehe 16 Februari 1659, iliyoelekezwa kwa Clayton na Morris, waandishi wa hati waliofanya pia kazi ya benki, imehifadhiwa hadi leo. Masonara hao walionja pia ubaya wa hazina: mwaka 1672 Mfalme Charles wa Pili alisimamisha malipo ya deni la zaidi ya pauni milioni moja alilokuwa akidaiwa, hasa na wao, na kadhaa wakafilisika. Tahajia ya "cheque", ambayo Waingereza huitumia kwa hundi peke yake, ilienea katika karne ya 19 kwa kuiga "exchequer". James William Gilbart, mwandishi wa vitabu vya benki, aliitetea kwa sababu inaondoa utata. Wamarekani hawakuona sababu ya kubadili, wakabaki na "check".

Hapa hapana budi kuligusa dai linalopendwa sana, kwamba neno la hundi la Kiingereza linatokana na Kiarabu "sakk", hati ya deni. Hati zenyewe zilikuwepo, tena karne nyingi kabla ya masonara wa London: Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya 10, alisimulia kwamba aliona Awdaghust, kwenye ukingo wa Sahara, "sakk" ya dinari 42,000. Hata hivyo njia ya neno la Kiingereza, kutoka tishio hadi kizuizi, kutoka kizuizi hadi kipande cha hati, imeandikwa hatua kwa hatua, na haipiti kwa "sakk". Wanaotaka kuipa Arabuni heshima yake hawahitaji dai hilo, kwa kuwa neno lilipita Baghdad kwa mlango mwingine, mlango wa sataranji.

Karne ya 18 ilileta pia matumizi ya kisiasa. Montesquieu alipotoa mwaka 1748 kitabu chake juu ya roho ya sheria, alisisitiza kwamba mamlaka hayana budi kuzuiwa na mamlaka mengine, na tafsiri ya Kiingereza ya 1750 ilitumia "check" kwa kizuizi hicho. John Adams wa Marekani, akiandika mwaka 1787, alilifunga pamoja na neno la mizani, na tangu hapo ibara "checks and balances" imekuwa jina la mfumo ambamo rais anaweza kuukataa mswada wa bunge, bunge linaweza kumshtaki rais, na mahakama zinaweza kuwakatalia wote wawili. Uajemi wenyewe ulifikiwa na wazo hilo mwaka 1906, wakati Mozaffar ad-Din Shah, akiwa mgonjwa na akishinikizwa na wafanyabiashara na masheikh wa Tehran, alipotia saini katiba iliyompa mwenye cheo cha shah bunge la kumzuia.

Matumizi ya baadaye ni ya kupita haraka, maana ni matawi ya matawi: mgeni anayejiandikisha hotelini, abiria anayekabidhi mzigo, vizuizi vya barabarani kama kile cha Berlin kilichojulikana duniani kote kwa jina la Checkpoint Charlie baada ya ukuta kujengwa mwaka 1961, na uchunguzi wa mwili kwa daktari. Kifaransa nacho kilipata kitu cha kuchekesha kidogo. Wafaransa, waliowapa Waingereza "eschec", walibaki na "échec" kwa maana ya kushindwa, kisha wakakopa kutoka Uingereza "chèque" kwa maana ya hundi, na kwa umbo hilo la Kifaransa wazungumzaji wa Kiswahili wa Kongo na Burundi hukutana nalo benki.

Kiswahili cha pwani kililipokea neno hili mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja na mila za Bahari ya Hindi likiwa shaha, jina la mfalme wa sataranji, ambalo watunzi wa mashairi wamelifanya cheo cha heshima kwa bingwa wao, shaha wa malenga. Mara ya pili lilikuja na Waingereza likiwa cheki, likaikuta hundi, neno lililoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi, imekwisha kukaa kitini. Waandishi wa magazeti na wanasheria wakabaki na hundi, wateja kwenye foleni wakaendelea kusema cheki. Kama kitenzi halijakubalika katika maandishi rasmi, lakini mitaani limetanuka kuliko huko lilikotoka, kwa kuwa kumcheki mtu ni kumtazama, kumpigia simu au kumtembelea, kwa kadiri ya mazungumzo. Tatizo lake ni la kisarufi. Vitenzi vya kukopwa vinavyoishia na "i" havibadiliki katika ukanushi, ilhali "cheka" ya Kibantu hugeuka, kwa hiyo maumbo mawili hukutana, na anayeambiwa kwamba wakaguzi wa hesabu wa ofisi fulani hawacheki hana budi kuuliza zaidi ajue kama ni watu wakali au ni wazembe.